Uzi wa Manjano Chini ya Kiti cha Dereva

Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na hakuwa na ugomvi na jina hilo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akishona viti vya magari katika kibanda cha mabati chenye cherehani moja nzito, na harufu ya gundi isiyotoka nguoni hata ukifua mara tatu. Watu walimletea magari ya kila aina, wakaondoka wamekalia kazi ya mikono yake. Yeye jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Kinyozi hajinyoi, walimtania, na yeye aliwajibu kwamba siku yake inakuja.

Sasa, ukiulizwa mtu kama huyo akistaafu atanunua nini, utasema kiwanja, au mbuzi, au atakaa barazani apige soga. Bi Sindano alitaka gari la spoti. Milango miwili, limelala chini, injini inanguruma. Alilitaka tangu alipokuwa msichana wa kujifunza kazi, siku alipoingia ndani ya moja kupima kiti, akavuta mlango, na kelele zote za nje zikakatika. Alikaa humo dakika mbili. Kisha bosi wake akagonga kioo: shuka, kazi inakusubiri. Akashuka. Dakika mbili zile hazikumtoka kichwani maisha yake yote, na mimi simcheki. Kila mtu ana dakika mbili zake, tusidanganyane.

Alipostaafu na kulitaja gari hilo, nyumbani kulizuka maneno. Kaka yake mkubwa, karani mstaafu aliyezoea kugonga mihuri mpaka akadhani hata jua halichomozi bila idhini yake, aliitisha kikao.

"Mdogo wangu," akaanza, "gari la milango miwili utampakia nani? Wajukuu utawafunga juu ya paa?"

"Wajukuu wana baba yao, na baba yao ana gari."

Baba wa wajukuu, yaani mkwe wake, fundi wa injini, alikuwa pale pale akiangalia ncha za viatu vyake. Kwa mama mkwe hakuwa na la kusema, na kwa mjomba wa mkewe pia hakuwa nalo, kwa hiyo alikunywa chai.

Walibishana, wakachoka, wakafikia makubaliano. Kulikuwa na magari mawili ya spoti ambayo Bi Sindano alikuwa ameyaona kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Jumamosi wangekwenda wote watatu, naye angechagua moja. Akichagua zima, ni lake. Akichagua bovu, akiba yake yote inaingia kwenye gari kubwa la familia, na kaka ndiye atakayelichagua.

"Na nisipokosea?" akauliza Bi Sindano.

"Usipokosea, sitafungua mdomo tena juu ya jambo hili."

"Hiyo pekee ni zawadi," alisema, na kikao kikafungwa.

Jumamosi asubuhi muuzaji aliwapokea getini, shati limenyooka, maneno yamenyooka zaidi. Magari yalikuwa yameegeshwa ubavu kwa ubavu. La kwanza jekundu, limeng'arishwa mpaka unajiona meno, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na kilomita chache mno kwa umri wake. La pili la kijivu, boneti imepauka, limetembea kilomita nyingi, na kiti cha dereva kimechanika hadi sponji inachungulia nje. Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mwalimu na binti yake, wakisubiri zamu. Nao walikuja kwa ajili ya lile jekundu. Bi Sindano aliwatazama mara moja tu na roho ikamuuma kwa wivu.

Mkwe alifungua boneti zote mbili, akawasha, akasikiliza, akalala chini kwenye saruji, akainuka na vumbi mgongoni.

"Mama, kwa injini sina neno," alisema. "Zote zinawaka vizuri. Ila hili jekundu limetumika kidogo kuliko lile."

"Basi kama ni lazima tupotee," kaka akadakia, "angalau tupotee na zuri."

Bi Sindano aliingia kwenye lile jekundu, akavuta mlango. Kelele za yadi zikakatika. Ilikuwa ile ile, baada ya miaka arobaini, haikupungua hata chembe. Machozi yalimlenga, akayarudisha, maana hakuja pale kulia. Akateremsha kioo na kusema kwa sauti, mbele ya kaka yake na wote waliokuwepo: "Nalichukua."

Muuzaji alikimbilia karatasi ofisini.

Mkono wa fundi haujui kustaafu. Akiwa bado ameketi, wa kwake ulishuka wenyewe chini ya kiti, ukafuata mshono kuelekea nyuma, kama ulivyofanya maelfu ya mara. Mwisho wa mshono ukakuta fundo. Fundo maradufu, limevutwa kushoto. Akainama, akachungulia. Lilikuwa la uzi wa manjano.

Kila fundi ana alama yake. Ya Bi Sindano ilikuwa hiyo: kiti kiwe cheusi, kiwe cheupe, fundo la mwisho hulifunga kwa uzi wa manjano, kwa ndani, mteja asikoona. Alifundishwa na bosi wake, ili kazi ikirudi ujue kama ni yako au unasingiziwa. Kwanza alifurahi. Alitaka kuwaita waje waone, kwamba gari la ndoto yake limevaa kazi yake. Lakini akajiuliza swali moja dogo: alilishona lini gari hili? Kabla ya kuja yadi hii hakuwahi kuliona.

Hapo akakumbuka. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, mto ulipovunja kingo na mitaa ya bondeni ikakaa ndani ya maji siku tano. Mtu mmoja alileta viti viwili juu ya mkokoteni. Viti tu, bila gari. Ngozi imebambuka, sponji imelowa tope, inanuka. "Vifanye vipya," yule mtu alisema, "na usiniulize." Bi Sindano alimshauri abadilishe sponji, akakataa. Basi akaianika juani wiki nzima, akaivika ngozi mpya ya rangi ya maziwa, akaishona kwa ustadi ambao hata yeye aliupenda. Hakuuliza viti vimetoka kwenye gari gani wala vinarudi wapi. Ndiyo desturi ya kazi yao: mteja haulizwi. Alijivunia desturi hiyo miaka yote. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na leo alikuwa ameketi ndani ya kisima, amefunga na mlango.

Akavuta pumzi ndefu. Nyuma ya marashi matatu yaliyotundikwa kwenye kioo, sasa aliisikia ile harufu. La kuvunda halina ubani.

Angeweza kushuka na kusema moyo umegeuka, nalitaka la kijivu. Nani angemhoji mwanamke kwa kubadili mawazo? Kaka angecheka, mambo yangeisha. Lakini akisema ukweli, amekiri mbele yake kwamba alichagua bovu, na makubaliano yanajulikana. Tena angekiri mbele ya mkwe wake, anayemheshimu, kwamba uozo ule ameuvalisha yeye. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kisha akamwona yule mwalimu nje ya kioo, akimwonyesha binti yake viti vya rangi ya maziwa. Yule mama alikuwa akitabasamu.

Mficha uchi hazai. Bi Sindano akafungua mlango.

"Gari hili lilizama," alisema.

Muuzaji alikuwa amerudi na karatasi. "Mama, umelitoa wapi hilo? Gari limetumika kidogo sana, tazama kilomita."

Bi Sindano hakubishana naye. Alitoa kwenye mkoba kisu chake kidogo cha kufumulia, akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, hairuhusiwi kufungua kiti," muuzaji akasema.

"Aliyekifunga ni mimi."

Akafumua mshono wake mwenyewe, urefu wa kiganja. Iliuma, maana ilikuwa kazi nzuri. Akaingiza vidole, akanyofoa kipande cha sponji, akakifikicha mbele yao. Vumbi la tope kavu likamwagika juu ya karatasi za muuzaji.

"Lilikaa majini wakati wa mafuriko," akasema, akimwangalia yule mwalimu. "Viti nilishona mimi. Sikuuliza vimetoka wapi. Nilipaswa kuuliza."

Mkwe akapiga magoti kando yake, akamulika reli za kiti kwa simu. Kutu ilikuwa imejaa hadi ndani, imepakwa rangi juu juu. "Nyaya zinaoza polepole," alisema, safari hii bila kuangalia viatu. "Leo linawaka. Kesho linakuzimikia katikati ya barabara, na breki zako nazo sijui zitakuwaje."

Mwalimu alimshika binti yake mkono. "Asante, dada," alimwambia Bi Sindano, wakaondoka. Muuzaji hakuwaaga. Alikuwa akikung'uta karatasi zake, na kama alijua au hakujua, mimi siwezi kumwapia.

Kaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyelivalisha tope nguo ya harusi."

"Ni mimi."

"Na ulisema unalichukua. Tumesikia wote. Makubaliano ni makubaliano, mdogo wangu. Umechagua bovu."

Bi Sindano alisimama, magoti yakalia. "Kaka, karatasi sijatia saini. Nilichagua kwa macho. Miaka thelathini na moja sijala kwa macho, nimekula kwa mikono. Ngoja nichague kwa mikono."

Akaenda kwenye lile la kijivu. Akatumbukiza mkono kwenye ule mpasuko wa kiti hadi kiwikoni, akapekua, akatoa sponji, akainusa. Akapapasa mishono yote, ya dereva na ya abiria, mbele na nyuma. Uzi ulikuwa wa kiwandani, hakuna fundi aliyewahi kuugusa. Reli kavu. Harufu ya jasho na sigara, basi.

"Hili limechoka," alisema. "Halijazama. Kuchoka nakujua, kuchoka kunarekebishika. Nalichukua hili, na nikikosea nitakusukumia gari lako la familia kwa mgongo wangu."

Kaka alifungua mdomo. Mkwe akamtangulia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Mjomba," alisema taratibu, "mama ameshachagua."

Kaka akamwangalia mkwe, akamwangalia dada yake aliyejaa tope mikononi, akaliangalia lile jekundu likiwa na kiti kilichofumuliwa. Akafunga mdomo.

Karatasi zikatiwa saini. Leseni Bi Sindano alikuwa nayo tangu zamani. Nani mwingine aliyekuwa akiingiza na kutoa magari ya wateja pale kibandani? Alimwambia muuzaji kwamba Jumatatu atakuja kukishona kile kiti cha gari jekundu bila malipo, ila fundo ataliweka kwa nje, na kila atakayeuliza atajibiwa. Kisha akaketi juu ya sponji iliyochanika, chuma cha kiti kikimchoma paja, akavuta mlango.

Kelele zikakatika. Akakaa. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili.

Halafu mtu akagonga kioo.

Alikuwa kaka yake, ameinama, kofia mkononi, hana tena la kugonga muhuri. Alisema kitu kisichosikika. Bi Sindano alimtazama, na safari hii hakushuka. Alimwonyesha mlango wa pili kwa kidole, akawasha gari.