Redio kwa Mbuzi Jike

Nilipoanza ualimu, miaka ya mwanzo ya uhuru, nilibana mshahara hadi nikanunua redio. Nilipanda nayo basi kutoka Mombo hadi nyumbani Lushoto, nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikamwamkia mama. Akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye redio.

"Inazaa?" akauliza.

Akaichukua, akanipa mbuzi wake jike, na jioni hiyo tukampeleka kwa jirani amfuge: samadi iwe yake, watoto tugawane.

"Akikaa kwako," mama alisema, "utamchinja wakija rafiki zako."

Alinijua vizuri. Uzao wa yule mbuzi ulinitolea mahari, ukaezeka nyumba yangu bati, na miaka ya Ujamaa mshahara ulipoishia dukani, ukawanunulia wanangu madaftari. Redio nayo ilibaki jikoni kwa mama, ikiimba kutwa nzima, naye akimenya viazi huku anatikisa mabega.

Siku moja uzalendo ukanishinda, nikamwuliza: "Mama, na hiyo isiyozaa?"

Akaongeza sauti ya redio kidogo.

"Mimi nami sizai tena, mwanangu. Tunaelewana."