Akaunti ya Papa

Barua ya ukaguzi ilifika Jumatano, na tangu saa ile chakula kilinishinda. Kampuni iliyotuuzia programu ya kuendeshea maghala na mauzo ilisema itamtuma mtu kutoka Kinshasa siku ya Jumatatu, ahakikishe kwamba kila anayeitumia ana leseni yake. Leseni moja, mtu mmoja, jina moja. Kompyuta zote za pale kazini zilikuwa mikononi mwangu: za ghala la saruji, za ghala la chumvi na mchele, na ile ya bandarini ambako mizigo hupakiwa kwenda Yanonge na Isangi. Mkurugenzi aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akanirudishia.

"Bon. Kama ule mutu anapata kitu, ni weye anapoteza kazi," akasema.

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu huyu akikufokea, ujue bado una kazi. Nyumbani kulikuwa na mama yangu na watoto wa marehemu dada yangu, na wote walikula kwa mshahara wangu.

Nikaanza kujiandaa. Nilipanda pikipiki kutoka ghala hadi ghala, nikafungua kila mashine na kutazama kilichomo. Kwenye ghala la saruji nilikuta programu ya wizi ambayo mtu aliiweka ili acheze karata saa za kazi, nikaifuta, nikamwambia siku za mwizi ni arobaini. Mashine iliyoungua siku umeme wa bwawa la Tshopo uliporudi kwa kishindo ilikuwa bado inahesabika kana kwamba inafanya kazi. Nayo nikaiondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo nilivyojiambia, ingawa kila ufa niliouziba ulinifanya nihisi upo mwingine ambao sijauona.

Huo mwingine niliuona Ijumaa, nilipokuwa nalinganisha majina yaliyo kwenye programu na watu ninaowajua. Nikafika kwenye jina la mzee aliyekuwa karani wa ghala la chumvi. Mzee huyo tulimzika mwaka uliopita. Programu ilionyesha kwamba asubuhi ile ile alikuwa amefungua mashine na kutoa mizigo.

Sikushtuka kwa sababu ya mizimu. Nilishtuka kwa sababu nilijua, sote tulijua, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wowote. Mzee yule alikuwa wa familia za wavuvi wa maporomoko ya Wagenia. Kabla ya kazi alikuwa akipita kwanza kwenye mitego yake mtoni, na ofisini aliingia na harufu ya samaki ambayo hatukuacha kumtania. Kule kwao mahali pa kutegea panarithiwa. Baba akiondoka, mtoto anasimama palepale, kwenye miti ileile ya kufungia mitego. Basi alipougua alimwita binti yake mkubwa, mama mwenye watoto wake, akamwambia neno la siri la kufungulia mashine. Baada ya mazishi mkurugenzi akamwajiri binti kwenye kiti cha baba. Binti akakaa, akafungua kwa jina la baba, akaendelea na kazi. Hata mimi, mashine yake ikigoma, nilikuwa nikimwambia, "Funga, kisha fungua tena kwa papa," yaani kwa jina la baba yake.

Sasa mkaguzi angekuja na kukuta marehemu anauza chumvi.

Dawa ilikuwepo, tena nyepesi. Ningefuta jina la mzee na kuandika la binti mahali pale pale. Lakini programu ile ina tabia moja: ukibadilisha jina la akaunti, linabadilika hadi nyuma kabisa, kwenye kila mzigo uliowahi kupita humo. Ingeonekana kwamba mzee hakuwahi kuwepo. Kuifunga tu kungeiacha mizigo kwa jina la marehemu, nayo ingetufichua; hivi mkaguzi asingejua lolote. Mkurugenzi nilipomweleza alifurahi, akasema hiyo ndiyo kazi anayonilipia. Nikaona si vizuri kufanya kimyakimya, nikamfuata binti ghalani.

"Yaya," akaniuliza, akiniita mkubwa wake kwa heshima, "ukibadilisha, ile mizigo yote ya zamani mashine itasema ni nani alitoa?"

"Itasema ni weye."

Alikuwa anafunga gunia. Aliendelea kulifunga hadi akamaliza.

"Kwetu kule kwa mitego, mutu anaweza kufa zamani sana, batu banasema tu hapa ni pa fulani. Mutoto wake anakamata samaki, lakini hapa ni pa fulani. Papa alifanya kazi hapa mpaka mugongo yake ikaharibika. Donc nimuibie jina yake, juu ya mutu wa Kinshasa?"

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba baba yake amepumzika na mimi ndiye nitakayefukuzwa. Badala yake niliondoka bila kuaga. Jumamosi nilikaa mbele ya mashine yangu, kidole kikiwa tayari, nikashindwa. Jumapili kanisani sikusikia neno hata moja la mahubiri. Nilikuwa nahesabu watu wa nyumbani kwangu.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliyezungumza Lingala tu. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Alitaka wafanyakazi wote wasimame kwenye korido, kila atakayeitwa aingie, aonekane, atoke. Alikwenda vizuri hadi akafika kwenye jina lile.

"Aingie."

Hakuingia mtu. Mkurugenzi alinitazama. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba yuko likizo, na nina hakika ungepita. Lakini mficha uchi hazai, na binti alikuwa amesimama mlangoni akinisikiliza.

"Alikufa," nikasema. "Mwaka jana."

Kijana akaangalia mashine. "Ijumaa ametoa chumvi."

Kuna mtu alicheka kwenye korido, kisha akajifanya anakohoa. Nilieleza yote, mitego, kiti, neno la siri, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nachimba kaburi langu. Akauliza kama kuna mwingine anayetumia jina lile zaidi ya binti. Binti akajibu mwenyewe kwamba hakuna, ni yeye peke yake tangu mazishi.

Kijana aliandika kwa muda mrefu. "Leseni moja, mtu mmoja," akasema mwishowe. "Hamkuiba. Jina tu ndilo si lenyewe. Nitawaandikia onyo. Ila mlifunge sasa hivi, nione, halafu mumfungulie huyu mama la kwake."

Mkurugenzi akashusha pumzi, akaniambia kesho nimletee maelezo kwa maandishi. Nilitaka kulia kwa furaha. Anayedaiwa maelezo hajafukuzwa.

Nikavuta kiti. Binti akaja akasimama pembeni yangu.

"Yaya, acha nifunge mimi," akasema taratibu. "Macho ya papa akikufa, ni mutoto anafungaka. Siku ile nilichelewa, nilikuta bameshafunga."

Nikampisha. Hata mkaguzi aliinamia karatasi zake. Binti akabonyeza, na programu ikamuuliza sababu ya kuifunga akaunti, maana haifungi bila sababu. Ilimpa tatu tu za kuchagua: ameacha kazi, amefukuzwa, amehamishwa.

Alizisoma zote polepole, midomo ikicheza. Kisha akachagua amehamishwa.