Bati Moja Pungufu

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuuza mitumba kando ya barabara, ruksa mtumishi wa serikali kufuga kuku uani kwake na kuuza mayai ofisini wakati wa chai. Mabati, ambayo zamani uliyapata kwa kujuana, yalipangwa nje ya maduka ya Dodoma kila mtu ayaone. Kitu kimoja tu hakikuwa ruksa, nacho ndicho nilichokitaka mimi: kumhamishia mama yangu mzazi kwenye banda la kuku.

Nisieleweke vibaya. Banda lenyewe lilikuwa zuri kuliko vyumba vingi nilivyowahi kupanga. Mume wangu, dereva wa wizara, mtu wa Tanga anayecheka kabla hujamaliza kusema, alilijenga kwa tofali za saruji na sakafu ya saruji, kwa kuwa aliambiwa kuku wa kisasa hawataki shida. Kuku wakaletwa, mia moja, wakataga miezi michache, kisha mdondo ukapita mtaani kwetu ukawafagia. Alibaki mmoja tu, mwekundu, mwenye kiburi, ambaye hakupata hata mafua. Tukamwacha azurure uani anavyotaka.

Wakati huo mama alikuwa kijijini kwetu Haneti, peke yake. Baba alikwisha fariki, kaka zangu walikuwa wametawanyika kutafuta maisha, na tembe letu, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, lilikuwa limebonyea kona moja. Macho ya mama nayo yalikuwa yamefifia. Nilipokwenda kumwona baada ya mavuno nilimkuta amehamishia kitanda upande uliobaki, na anaisimulia ile kona iliyoanguka kwa utani, kana kwamba ni ya jirani. Mimi sikucheka. Tembe lile lisingevuka msimu mwingine wa mvua, na nilikuwa naogopa kweli.

"Twende mjini, mama," nikamwambia.

"Nikalale wapi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna mkwe," akasema, akaendelea kuchambua mlenda wake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwetu Ugogoni, kwa namna mama alivyolelewa, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na hawalali chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima, na mama alikuwa na heshima nyingi mno. Kuna wakati nilimleta mjini kutibiwa macho. Alikaa uani siku nzima nyuma ya pipa la maji, kanga usoni, na usiku akaenda kulala kwa jirani. Akitaka kitu na mimi sipo, alimtuma yule kuku.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti, "mwambie mwenye nyumba kuna mtu amekuja kumwulizia."

Na mume wangu, bila kugeuka, akajibu, "Kuku, mwambie mama nimesikia, ahsante."

Nilipohadithiwa nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mume wangu naye alicheka, lakini baadaye, tukiwa wawili, aliniuliza kama mama anamchukia. Kwao, alisema, mama mkwe hukaa sebuleni akanywa chai na kumsema mkwewe taratibu, na ndivyo unavyojua kwamba unapendwa. Nikamweleza tena. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Kama nyumba haitaki, tumpe banda."

Hapo ndipo wazo lilipoanzia, na hapo ndipo tulipofanya wanavyofanya watu wote wa mji ule: tukaanza kujenga kwanza, ruhusa baadaye. Tukapiga deki kwa dawa hadi harufu ya kuku ikatoka. Tukapaka chokaa. Mume wangu akatoboa ukuta akaweka dirisha lenye nondo, na dirisha hilo ndilo lililotuponza. Mkaguzi wa majengo alikuwa akipita mtaani na pikipiki yake. Akasimama, akalitazama, akashuka.

"Dada, kuku wako wanaogopa wezi?" akaniuliza.

Alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na kopo la rangi nyekundu kwenye mkoba wa pikipiki. Nikamweleza habari ya mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, kisha akapiga X kubwa nyekundu kwenye chokaa yetu mpya. Nikaambiwa nisimamishe kazi na nifike ofisi ya mipango miji.

Nilifika. Siku ya kwanza bwana mwenyewe alikuwa semina. Siku ya pili alikuwepo, lakini faili la kiwanja chetu lilikuwa "limepanda juu", na jengo lile halikuwa na ghorofa. Mimi nilikuwa karani wa serikali, hiyo lugha naifahamu, nami nimeitumia kwa wengine. Nikaleta kitambaa changu cha kufuma, nikaketi kwenye benchi, nikafuma. Nilipofika kwenye ua la tatu faili likashuka.

Afisa aliyenipokea alinifunulia ramani mezani. Kiwanja chetu, akasema, ni cha nyumba moja ya kuishi. Moja. Banda la kuku linaruhusiwa, stoo inaruhusiwa, choo cha nje kinaruhusiwa. Nyumba ya pili hairuhusiwi, hata ya chumba kimoja.

"Kwa hiyo kuku mia ni ruksa," nikasema, "ila mama mmoja si ruksa."

Yule mkaguzi mnene, aliyekuwa amekaa pembeni, akainamisha kichwa akacheka kwa siri. Afisa hakucheka, lakini alikuwa mtu mwema kwa namna ya watu wa ofisini. Aligeuza ramani huku na huku, akagongagonga na rula, kisha akapata njia. Kati ya nyumba na banda palikuwa na kiuchochoro, si hatua nyingi. Tuunganishe kwa paa. Paa likishikana, banda si nyumba ya pili tena, ni chumba cha nyongeza cha nyumba ileile. Nichoreshe ramani ndogo, nilete, atagonga mhuri.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilipita sokoni nikanunua nyama. Ramani ikachorwa, mhuri ukagongwa, mume wangu akanunua mbao na bati, na fundi akasimamisha boriti kutoka ukuta hadi ukuta. Upepo wa Dodoma ulikuwa umeanza kutulia na asubuhi mawingu yalionekana upande wa milima. Nikaenda Haneti kumchukua mama.

Tuliingia uani mchana. Nikamshika mkono nikamwonyesha: huu mlango, hili dirisha, hapa kitanda, hapa jiko lako dogo la mkaa. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, akanusa, akaridhika. Kisha akatoka nje, akainua uso akisikiliza. Fundi alikuwa juu ya kiuchochoro anagongelea bati.

"Anafanya nini huyo?" akauliza.

"Anaunganisha paa, mama. Ndivyo walivyosema ofisini."

 Mama akaanza kufunga upya kifurushi chake, taratibu, bila hasira, akisema kwamba basi la mwisho la kurudi Haneti huenda bado halijaondoka.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekipeleka nyumbani nikishangilia. Ofisi ilitaka paa moja ili mama aweze kukaa. Mama alitaka mapaa mawili ili aweze kukaa. Na mimi nilikuwa nimekaa mjini kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisikia neno "paa" mara nyingi vile na sikushtuka hata mara moja. Nilikaa juu ya tofali nikalia kwa ghadhabu, nikisema sitaki tena kibali, sitaki banda, sitaki mtu yeyote.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mgongo umetugeukia, kama ilivyompasa. Akapaza sauti.

"Kuku! Muulize mama: paa ni nini?"

Kuku alikuwa anachakura kwenye mchanga wa fundi. Mama akaacha kufunga kifurushi.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie mwenye nyumba paa ni kile kinachozuia mvua. Boriti si paa. Boriti ni miti tu."

"Na mvua ikipita katikati?"

Mama akafikiri. Niliona midomo yake ikicheza.

"Ikipita katikati, ni nyumba mbili."

Mume wangu akamwita fundi, na bati moja, la katikati kabisa, likang'olewa. Likaegemezwa nyuma ya choo. Mama akasema atakaa ajionee mvua itakavyofanya.

Mkaguzi alikuja kabla ya mvua. Aliingia kwenye kiuchochoro na futi yake ya kukunja, akainua macho, akaona mbingu.

"Hapa bati moja limepungua, dada."

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri kuhusu bati kuisha madukani. Badala yake nikamwambia yote, kuanzia mkwe hadi kuku. Alisikiliza huku akiikunja na kuikunjua ile futi. Mwisho akaniuliza kama mama yupo. Yupo, nikasema, nyuma ya mlango. Na kutoka nyuma ya mlango sauti ikatoka: "Kuku, muulize mgeni kama amekula."

Alikula. Naapa sikumpa kitu kingine zaidi ya ugali wa uwele na mlenda, na huo mlenda hakuumaliza. Akanawa mikono, akasimama tena chini ya lile pengo.

"Boriti zimeshikana?" akaniuliza.

"Zimeshikana."

"Ramani inasema paa liungane, na boriti ni sehemu ya paa. Bati mtaweka mkiwa tayari." Akaandika alichoandika. Alipofika kwenye pikipiki akageuka akasema kwamba yeye mwenyewe kaoa mwaka huo, na mama mkwe wake anaishi naye nyumba moja, na angeshukuru kupata kuku wa namna ile.

Mvua ya kwanza ilipiga jioni moja, ile ya ghafla inayokuja na harufu ya vumbi. Mama akatoka hadi kizingitini, akanyoosha mkono kwenye kiuchochoro. Maji yakamwagika kwenye kiganja chake, mengi, yakatiririka hadi kiwikoni.

"Imepita," akasema. Akaingia ndani akalala usingizi wa mtoto, na mimi nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mavuno.

Alikaa nasi miaka mingi katika nyumba ile, na sisi tukawa watu wa kuruka dimbwi kila msimu wa mvua. Kuku alizeeka akafa kifo chake, tukamzika, maana hakuna aliyethubutu kumtia chunguni. Baada ya hapo mama alituma ujumbe kupitia kwangu, au kupitia ukutani tu. Halafu serikali ikaanza kupunguza watumishi, na mume wangu akapunguzwa. Mimi nikabaki kazini, yeye akabaki nyumbani, na kwa kuwa miguu ya mama ilikuwa imechoka, yeye ndiye aliyempelekea uji asubuhi. Alikuwa na utaratibu wake. Alikohoa kwenye kiuchochoro, akaweka bakuli juu ya kigoda mlangoni, akageuka akaondoka. Mama alingoja nyayo zake ziishe ndipo ausogeze uji.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani, mvua inanyesha tangu alfajiri. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na nguo nilizozianua, namwona mume wangu akivuka na bakuli lililofunikwa sahani. Alipofika kwenye pengo aliinama ili mgongo wake upokee maji badala ya uji. Shati likalowa lote. Akakohoa, akaweka bakuli, akageuka.

"Baba," mama akasema.

Mume wangu akasimama palepale, maji yanamshukia kichwani. Akanitazama mimi, akidhani labda kaitwa mwingine. Hakukuwa na mwingine.

"Baba," mama akasema tena kutoka ndani, "lile bati bado lipo? Ziba hapo. Unalowana kila siku, utaugua."

Akafuta maji usoni. "Lipo, mama."

Hakungoja mvua ikatike. Alilitoa nyuma ya choo, limeshika kutu pembeni, akapanda ngazi na misumari mdomoni, na mama kitandani akawa anamwelekeza asipondeponde vidole. Nilisimama mlangoni na nguo zangu, nikalia, na sikujificha. Msumari wa mwisho ulipoingia, kiuchochoro kikawa kikavu, na kwa mara ya kwanza nyumba yetu ikawa kama kibali kilivyosema.

Mume wangu akashuka. Mama akamwambia aingie ndani ajikaushe. Akavua ndala zake mlangoni, akaingia.