Mvinyo Wenye Ladha ya Mti

Enzi za ujamaa, katibu wa kijiji chetu karibu na Nshamba aliamuru rubisi, pombe yetu ya ndizi, isichachushwe tena kwenye mtumbwi wa mti, lile gogo lililochongwa la kutengenezea pombe. "Mti unanyonya uchafu," alisema. "Tumieni pipa la chuma." Tata, yaani baba yangu, akapewa hadi Jumatatu awe ameupasua kuwa kuni mtumbwi alioachiwa na babu.

Jumapili, padri Mfaransa aliwaalika wazee baada ya misa, Tata na katibu wakiwamo. Mimi nilipeleka ndizi, nikabaki mlangoni nasikiliza. Akawamiminia mvinyo mweupe wa kwao, ingawa kwa macho yangu ulikuwa wa njano kama samli. Katibu akanusa, akaonja, akafumba macho.

"Baba Padri, hiki kitu kina utamu wa karanga za kukaanga, na moshi kwa mbali. Mmetia nini?"

"Hatukutia kitu. Huo ni mti," padri akajibu. "Mvinyo umelala mwaka mzima ndani ya pipa la mti wa mwaloni."

Tata akaweka glasi yake mezani taratibu. "Ndugu Katibu, rubisi yangu hulala kwenye mti usiku mmoja tu."

Katibu akakohoa. Akaitazama chupa, akamtazama Tata, kisha akasogeza glasi aongezewe.

"Basi, mtumbwi wako uwe unauosha vizuri," akasema.

Wajukuu huniuliza mwaloni ni mti gani. Sijui, sijawahi kuuona. Ninachokumbuka ni kwamba Jumatatu ile mtumbwi wa babu ulikuwa bado mzima, nikaenda kuokota kuni kama kawaida, na sikulalamika.