Vali Niliyoitoa Ijumaa

Ni mimi niliyeitoa. Nimelikana jambo hili mbele ya meneja, mbele ya mume wangu, na kwa miaka mingi mbele ya madarasa mazima ya wanafunzi waliokuwa wakiandika kila nilichosema. Vali ya hewa ya pembeni ya gari jeupe la daktari, pamoja na kidude chake cha nta, niliitoa kwa mikono yangu miwili Ijumaa mchana, nikaziba mashimo kwa bati, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha nikaanza kusema uongo. Sasa nimestaafu. Mstaafu hana cheo cha kupoteza, kwa hiyo msinihesabie huu kuwa ushujaa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika gereji nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nilikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo, mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba penseli, rula na makasi. Gereji ilikuwa nyuma ya soko la Kakamega: uwanja wa matope meusi kwa oili, shimo moja la kukagulia magari, na mafundi sita waliokuwa wakinywa chai juu ya tairi. Meneja alinitazama kuanzia chini hadi juu.

"Hii ovaroli inaenda harusi?"

Tangu hapo nikaitwa Injinia, kwa sauti ile watu wanayotumia kumwita mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Fundi Mkuu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa mtu wa upande wa Matungu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo sijui aliwezaje kuilinda na grisi. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukikuta kitu kwenye injini na hujui kazi yake, unafanya nini?"

"Natazama mchoro wa mfumo, Fundi."

"Na mchoro ukikosa?"

Chuo hakikuwa kimefika hapo.

"Unakiacha," akasema. "Kilikuwepo kabla yako."

Wanaoendesha magari upande huu wetu watajua jinsi maneno hayo yalivyokuwa mageni. Gereji zetu zina dini moja: kutoa. Thamostati, kwa mfano, ni mlango mdogo unaozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Mpelekee fundi wa kwetu gari linalochemka. Kabla hajauliza jina lako, thamostati iko chini. "Hii ni ya nchi za baridi," atakuambia, kama kwamba injini husoma ramani. Pale kwetu vitu vilivyotolewa vilitupwa ndani ya kasha la mbao tulilokuwa tukiliita Wastaafu, kwa sababu waliomo walisemekana hawana kazi tena. Sasa nikiwa mmoja wao, utani huo sioni ukichekesha sana.

Jambo jingine mlijue mapema. Mafundi wote pale walikata gasketi, yaani ile karatasi ngumu inayokaa katikati ya vyuma viwili ili pasivuje, kwa kuitandika juu ya chuma na kugongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka ikatike yenyewe. Mimi nilichora kwa penseli na rula, kisha nikakata kwa makasi. "Injinia anashona gauni," wakasema, na hawakuchoka kusema.

Ndipo likaja gari la daktari. Lilikuwa limetoka Japani likiwa na injini ya rotari, ya kwanza kuonekana katika uwanja ule. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka. Rotari haina. Kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Ina nguvu, inakunywa petroli bila haya, na ikiwa baridi inataka kusubiriwa.

Kwenye njia yake ya hewa kuna vibati vya duara, vipepeo, vinavyofunguka ukikanyaga mafuta. Usipokanyaga vinafunga, na injini ingekufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo walioiunda waliweka misaada miwili. Wa kwanza ni kikopo chenye nta: maji yakiwa baridi nta imesinyaa, na kipepeo kinabaki wazi kidogo ili injini izunguke haraka ipate moto, maji yakipata joto nta inavimba na kukifunga. Wa pili ni vali ya hewa ya pembeni. Ukiwasha taa au ukikata usukani, injini inabeba mzigo. Kompyuta ya gari inaifungua vali, hewa ya ziada inapita. Basi. Kazi ya vitu hivyo ni injini isife wakati mguu wako hauko kwenye mafuta.

Kila gari la daktari liliposimama, mzunguko wa injini ulipanda na kushuka, vuum, vuum, kama mtu mwenye pumu. Fundi Mkuu alilisikiliza Alhamisi jioni.

"Kuna mpira wa hewa umepasuka mahali, unavuta hewa ya wizi. Utafute. Usiguse kingine."

Niliutafuta Ijumaa asubuhi nzima. Saa sita na nusu Fundi Mkuu akaenda msikitini kuswali. Meneja akatoka ofisini.

"Injinia, daktari anakuja saa kumi. Hiyo gari iko aje?"

"Bado natafuta mpira, Meneja."

"Mpira!" Akaielekezea kidole vali ya pembeni. "Hiyo kitu hapo inafanyanga nini?"

"Inapitisha hewa wakati injini..."

"Gari ya babangu ilikuwa nayo?"

"Hapana."

"Na ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inatembea."

"Sasa? Toa!"

Naweza kujaza kurasa kumi kwa hasira yangu juu ya mtu yule. Alikuwa hajui tofauti ya rotari na sufuria, na bado neno lake lilikuwa sheria. Lakini nikifika mwisho wa kurasa hizo nitakuta jambo lile lile: wenzangu walitoa vitu kwa kutojua, mimi nilijua. Nilikuwa nimetoka kumweleza kazi yake kwa mdomo wangu. Nilitoa kwa sababu nilichoka kuitwa mshona gauni, na nilitaka saa kumi ifike gari likinguruma.

Likanguruma. Nilitoa vali na kikopo cha nta, nikakata bati, nikachora gasketi, nikafunga bolti nne, nikakaza skrubu ya kipepeo mpaka mzunguko ukatulia. Kwa kuwa injini ilikuwa ya moto, ilitulia vizuri mno. Fundi Mkuu aliporudi aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Umeupata mpira?"

"Nimeupata, Fundi."

"Hujatoa kitu?"

"Sijatoa."

Akachukua kadi ya kazi, akatia sahihi. Ndiyo iliyokuwa desturi ya gereji ile: kadi ilitiwa sahihi na Fundi Mkuu peke yake. Aliyeshika spana hakuandikwa popote.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya mvua, daktari alitoka kwake upande wa Mukumu na injini bado baridi. Alipofika njia panda ya barabara ya Kisumu aliwasha taa, akawasha waipa, akakata usukani. Injini ikafa katikati ya barabara. Trekta lililobeba miwa halikuweza kusimama. Daktari alipona, ila mkono wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na alikuwa daktari wa upasuaji. Kwa miezi mingi hakushika kisu.

Gari lilivutwa hadi gerejini. Meneja akafungua boneti mbele yetu sote, akaliona bati.

"Nani alitoa hii kitu?"

Yeye yule! Nilimtazama nikisubiri akumbuke. Macho yake yalizunguka kwa fundi mmoja hadi mwingine, yakanifikia.

"Sijui," nikasema.

Fundi Mkuu alifungua zile bolti nne polepole. Akainua bati, akaibandua gasketi, akaitazama, akaitia katika mfuko wa shati.

"Sahihi kwenye kadi ni yangu," akasema.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka kwa boda boda, sanduku lake la spana mapajani. Kabla ya mwisho wa mwezi, kila gereji ya mji huu ilikuwa imempa jina: Mzee Toa. Mtu mmoja katika Kakamega nzima aliyekataa kutoa, ndiye aliyebandikwa jina hilo. Mpira uliopasuka niliuona siku chache baadaye, chini ya manifoldi, lile bomba linaloigawia injini hewa. Ufa wake ulikuwa mfupi kuliko ukucha. Vali niliichukua kwenye kasha la Wastaafu. Iko hapa mezani ninapoandika, imekalia karatasi zisipeperuke.

Nilihamia Lugari, kwenye karakana ya matrekta na mashine za kupukuchua mahindi. Msimamizi wa Mitambo wa huko aliondoa vichujio vya hewa akidai vumbi la Lugari ni safi. Nilimgombeza mpaka akaniogopa. Halafu nikarudi mjini kufundisha mafundi chipukizi kwenye taasisi moja, na hapo ndipo nilipofanya baya kuliko lile la kwanza. Kila mwaka, somo la kwanza kabisa, nilisimama mbele ya darasa nikasimulia habari za fundi mmoja aliyetoa vali asiyoijua kazi yake, na mkono wa daktari ukavunjika. "Msiwe Mzee Toa," nilimalizia. Waliandika na kupigia mstari. Nilimfanya mtu yule somo, nikalipwa mshahara kwa ajili yake.

Na somo lenyewe halikufaa kitu. Vijana wa leo wanatazama video kwenye simu asubuhi, mchana wanang'oa. Wana kompyuta ya kuificha kasoro dashibodi isiwashe taa. Nikiwakemea wananiambia, "Madam, hiyo ni mzigo tu." Namsikia Meneja kwenye vinywa vyao, naghadhibika, kisha nakumbuka ninayeghadhibika ni nani.

Siku ya kuniaga, Mkuu wa Idara alinikabidhi spana iliyopakwa rangi ya dhahabu, akasema nimezilinda barabara zetu dhidi ya kina Mzee Toa. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Tulipokuwa tukinawa mikono tule kuku, mwalimu mmoja mgeni akaniuliza, "Madam, kwani huyo Mzee Toa alikuwa mtu kweli?"

"Alikuwa mtu."

"Alikufa?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nikimtumia, sikuwahi kuuliza kama yuko hai.

Namba yake niliipata kwa muuza spea mmoja wa Mumias. Nilipiga asubuhi, nimesimama.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Ni Injinia."

Nyuma yake nilisikia nyundo ndogo ikigongagonga ukingo wa chuma. Mtu alikuwa akikata gasketi.

"Injinia wa makasi," akasema.

Nikaanza kumweleza. Nikaanza na Meneja, jinsi alivyonisukuma, na saa kumi, na...

"Meneja alishakufa. Sema yako."

"Ni mimi niliyetoa, Fundi."

"Najua. Gasketi yako ninayo mpaka leo. Ina mstari wa penseli pande zote nne. Nani mwingine alikuwa na penseli pale?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza, ukasema hujatoa, nikatia sahihi bila kufungua boneti. Hilo lilikuwa kosa langu, nikalibeba. Lako nilikuachia."

"Nisamehe, Mzee."

"Nilikusamehe nikiwa bado na meno. Si hilo." Nyundo ikanyamaza. "Mpaka leo mtu akileta gari hapa anamuuliza mwanangu, baba yako ndiye yule Toa? Haya uliyoniambia, umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Mimi nilikuwa nayo tayari. Waambie wale uliowaambia yale mengine."

"Nitaandika, Fundi. Nitasema kwamba Fundi Mkuu wa gereji ile..."

"Wakuu walikuwa wengi pale. Weka jina."

Akakata simu.

Anaitwa Swaleh Makokha. Hakutoa kitu.