Minazi ya Watu

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, kama iliyopita jana alasiri. Nilikuwa kijana, nasoma shule ya usiku hapa Ghubra, mtaa wa Maskati, na Kiingereza najiona nshakijua hata Waingereza waje kwangu kuuliza. Mwalimu wetu alikuwa Mskoti, Bwana Ewan, mzee mwenye nyusi ambazo njiwa wangeweza kutagia. Kwao alikuwa mwandishi, na vitabu vyake vyote ni vya shamba: kondoo, kuta za mawe, mvua isiyojua kukatika. Sasa alitaka kuandika juu ya watu wa shamba waliohamia mjini, akaniomba nimpeleke kwa baba yangu, aliyekulia Unguja.

Basi Ijumaa baada ya sala tukaketi sebuleni, kahawa na halua mbele yetu, mimi mkalimani. Bwana Ewan akauliza: huko kwenu kazi yako ilikuwa ipi? Kabla baba hajafungua mdomo, nikamjibia. Unatujua sisi, kila nyumba hapa Maskati babu yao alikuwa na mikarafuu elfu. Ingekuwa kweli, kisiwa kingezama kwa uzito. Nami nikasema baba alikuwa na mikarafuu elfu mbili, na farasi mweupe wa kuikagulia. Wazee walisema ukipewa shubiri usichukue pima. Mimi nilichukua jora zima.

Bwana Ewan aliona sikumuuliza baba, hakuandika neno. Akaweka kalamu chini, akasimulia habari za baba yake mwenyewe. Mzee huyo alikuwa mlimaji wa kuajiriwa, akilima mashamba ya watu. Mwanawe, yaani Bwana Ewan mwenyewe, alipoandika kitabu cha kwanza aliona haya, akaandika kwamba shamba lile lilikuwa lao. Watu wakakisoma. Mzee akienda mnadani wanamwamkia kwa kicheko, "Karibu, mwenye shamba," mpaka akaacha kwenda. Siku moja akamwambia mwanawe: nimekisoma kitabu chako chote nikijitafuta, sikujiona. Akafa kabla ya kitabu cha pili.

"Mtafsirie baba yako," akaniambia, "na usimtilie chumvi."

Nikatafsiri, jasho lanitoka na kiyoyozi kinanguruma. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe umemwambia mie nlikuwa na nini?"

"Mikarafuu, Ba. Elfu mbili."

"Basi?"

"Na farasi."

Baba akacheka hata kahawa ikamwagika. "Farasi? Mie hata punda namkhofu. Mwambie mie mkwezi. Nikikwea minazi ya watu, na nazi hizo ndizo zilizokulea."

Akavua kilemba chake, akakisokota kama kamba, akakifunga miguuni kuonyesha mkwezi anavyoukamata mnazi. Akaeleza mti wa alfajiri unavyoteleza kwa umande, na siku aliyoanguka akaumia goti, nami miaka yote namwona akichechemea na sijawahi kumuuliza goti lake lilipatwa na nini. Kalamu ya Bwana Ewan ikawa inakimbia. Nilitafsiri neno kwa neno, nikiogopa lisinidondoke hata moja.

Kitabu kilipotoka nikamsomea baba kwa Kiswahili. Alifumba macho. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa umande." Nikarudia. "Ndiye mie huyo," akasema.

Mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi hadi leo maji yangu ni mengi. Nikikuhadithia samaki niliyemla pwani ya Azaiba, mgawe kwa kumi. Lakini ukiulizwa mzazi wako alikuwa nani, itaje kazi yake kama alivyoifanya. Ukimpamba kwa mali asiyokuwa nayo, umemwambia kwamba jasho lake halikutosha. Na kabla hujamsemea, muulize. Wazee wengi hunyamaza si kwa kukosa la kusema, ila hakuna aliyewauliza.

Nenda, Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali usiyoionea haya, akuwekee wazee wako hai mpaka uwaulize yote, na wanao wakikutaja, wakutaje wewe hasa. Amin.