Chemchemi Isiyoogwa

Nyinyi vijana mnaokodi magari Marekani kwa simu, mkaingia milimani na watoto na wazee nyuma, haya nakuandikieni nyinyi. Mimi sikusoma sana. Madrasa nilimaliza, skuli niliiacha mapema. Lakini kazi ya kupeleka ahli za watu milimani nimeifanya mpaka magoti yakanikataa, na nnachokijua nnakijua.

Siku ya kwanza niliingia ofisi ya safari pale Madinat Sultan Qaboos, Maskati, na kikapu cha bizari mkononi. Watu wetu wakati wa joto walitaka kwenda kutembea milima ya magharibi ya Marekani, na huko huko walitaka chakula cha nyumbani. Kwa hivyo nilitafutwa kupika. Mudiri, mkubwa wa ofisi, alikitazama kikapu, kisha akanitazama mimi.

"Bi Zuwena, ramani unaijua kusoma?"

"Siijui."

"Basi ramani ya dereva. Watu wako wewe."

Cheo changu kikaitwa mwangalizi wa msafara. Maana yake, dereva anaangalia njia, na wewe unaangalia walio ndani ya gari: nani hajala, nani anataka kusali, mtoto gani anataka kutapika na anaona haya kusema. Safari yenyewe tuliiita mzunguko, kwa sababu huirudii njia uliyoendea. Tukianza Utah, kwenye lile ziwa la chumvi ambalo mtu analala juu ya maji na hazami, tukateremka kwenye matao ya mawe mekundu, kisha tukapanda kaskazini, Idaho, mpaka Wyoming kwenye hifadhi ya Yellowstone. Kule juu hewa nyepesi. Mgeni kichwa kinamgonga na pumzi inamkatika, na dawa yake ni kumnywesha maji kabla hajaomba. Asubuhi, ingawa ni kiangazi, baridi inauma, na wanawake wetu wameshuka na mabuibui mepesi kama wanakwenda pwani ya Bustan kupunga upepo.

Kulikuwa pia na sanduku la dubu. Hilo ni sanduku la chuma linalowekwa kambini, chakula chote kinafungiwa humo, kwa sababu dubu akisikia harufu anavunja gari. Bibi mmoja alinificha halwa mkobani.

"Dubu wa Marekani ataijuaje halwa, Bi Zuwena?"

"Haijui. Akishaijua ndiyo hatobanduka kwetu. Itoe."

Akaitoa, amenuna mpaka jioni. Mimi kununiwa hakunishughulishi. Kazi hii ukitaka kupendwa utazika mtu.

Dereva Mkuu wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa haendeshi mpaka nimwambie "wote", na nikisema "wote" anageuka anatazama mwenyewe. Mwanzo nilidhani ananidharau. Baadaye nikafahamu kuwa yeye anajitilia shaka mwenyewe, na tabia hiyo nikamuiga.

Sasa nakwambieni ya Mzee Khalfan. Alikuwa mtu wa Qurayyat, mwenye watoto wakubwa na wajukuu, na magoti yake yalikuwa yanamtesa. Kiingereza hajui hata neno. Wanawe walimchukua kwa mapenzi wakamkalisha kiti cha nyuma kabisa, ati alale vizuri. Tulipofika Idaho, katika mji mmoja mdogo, tulisimama kwenye chemchemi ya maji moto ya kuoga. Maji mazuri, yamejengewa mahodhi, watu wamejaa. Wanaume wakaingia upande wao. Mzee Khalfan alitoka humo anatembea kama kijana wa harusi. "Hii chemchemi ina baraka," akasema, "kama zetu za Omani."

Siku ya pili yake tukaingia Yellowstone. Nyati wa kule walitufungia njia, na tulipofika, adhuhuri ilikuwa imeshaingia. Huko ardhi inatoa moshi. Maji yana rangi ya feruzi, safi, unaona mpaka chini, na yanachemka. Pembeni yake ardhi ni ganda jembamba juu ya maji hayo hayo, na kwa hivyo watu wametengenezewa njia ya mbao ya kupita juu yake. Askari wa hifadhi, mwanamke mwenye kofia pana, akatueleza vizuri kwa Kiingereza. Mtoto mkubwa wa Mzee Khalfan akageuka kwa babake:

"Baba, anasema hii chemchemi ya maji moto, tufuate njia."

"Haya," akasema mzee.

Haya! Neno moja, kila mtu akaridhika. Mzee kasikia kitu kimoja tu: chemchemi. Mtoto akaenda kupiga picha. Nilikuwa nawagawia watoto maji, nikainua uso, namuona Mzee Khalfan kavua makubadhi, kakunja mikono ya kanzu, mguu mmoja uko nje ya mbao.

"Mzee Khalfan! Rudi!"

"Natawadha, mama. Adhuhuri hii."

"Hapo hapatawadhwi!"

"Jana tumeoga, leo kutawadha imekuwa haramu?"

Nikakimbia. Yeye akatanguliza bakora yake ajizatiti, na bakora ikatoboa ardhi kama inatoboa mkate wa kumimina. Mvuke ukatoka. Alikuwa ameshaielemea. Nikamshika kanzu mgongoni kwa mikono miwili nikamvuta, sote tukaanguka juu ya mbao.

"We mwanamke, utanitengulia udhu!"

"Udhu gani, na maji hujayagusa?"

Kisha akaitazama bakora. Imesimama peke yake kwenye tundu, na moshi unaizunguka. Mtoto wake alikuja mbio, uso umempauka, akataka kumfokea baba. Nikamzuia. "Babako hakufanya ujinga. Kakwambia 'haya', na wewe hukumuuliza 'haya' ya nini." Mzee akatawadha kwa chupa, akasali karibu na gari, sijda ndefu.

Tuliporudi Maskati nilikwenda kwa Mudiri kabla sijafungua sanduku langu, nikamhadithia yote, 'haya' ya mzee na bakora yake.

"Yale maji yasiitwe chemchemi tena. Chemchemi kwetu ni ya kunywa, kuoga na kutawadha."

"Tuyaiteje?"

"Masufuria. Hapana mtu anayetawadha kwenye sufuria iliyo motoni."

Akacheka. "Bi Zuwena, utanitishia wateja."

"Waliotishika wanarudi na ngozi zao. Mimi safari ijayo sipandi mpaka yaitwe hivyo."

Akazungusha kikombe cha kahawa. Mwisho akasema, "Mimi mamangu pia angejibu 'haya' tu. Basi, masufuria." Na ikawa ndiyo lugha ya ofisi. Madereva wageni wakifika wanauliza masufuria ni nini, na kwa kuuliza wanafahamishwa. Nikaongeza jambo langu: mtu sikumuuliza tena kama amefahamu. Wazee wetu kwa adabu watakujibu wamefahamu hata ukiwasemesha Kichina. Kila mmoja nikimwambia, "Nambie wewe, hapa pana nini?" Wengine walikasirika, wakaniita mwalimu wa madrasa. Wote niliwarudisha kwao wazima.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu anapanga safari hiyo hiyo, na anamchukua mama wa mkewe, Bi Asha, anayesema Kiswahili tu. "Bibi, simu inafasiri kila kitu," ananambia. Inafasiri, mwanangu, sikatai. Lakini simu haimtazami mtu machoni ikajua kama kaingiwa na maneno au anakusitiri tu.

Basi jana baada ya chakula niliwakalisha wote, Bi Asha mwenyewe yupo, nikawaambia: "Bi Asha atakaa kiti cha mbele. Kila mtakaposimama, wa kwanza kuelezwa ni yeye, kwa Kiswahili, na mlango usifunguliwe mpaka ayarudishe maneno kwa kinywa chake. Asiyetaka kungoja, abaki Maskati."